Mtambo Upewe Kazi, Mtu Abaki na Uamuzi

Mtumishi anayepokea mshahara uliokokotolewa na kompyuta, na mwalimu anayeingiza alama za wanafunzi humo, hutegemea programu ambazo hawakuona zikiundwa. Maandishi ya programu hugeuzwa kwanza kuwa lugha ya mashine, sehemu zake zikaunganishwa, zikapimwa, ndipo zikasambazwa. Hatua ngapi kati ya hizo zifanywe na mtambo wenyewe? Hapo ndipo wataalamu wanapobishana.

Wako wanaoshikilia kwamba mkono wa mtu ni salama zaidi. Hoja hiyo ni dhaifu. Katika maabara ya Bell nchini Marekani, mtaalamu mmoja alipoteza asubuhi nzima akisaka kosa ambalo alikuwa amekwisha kulisahihisha. Alichosahau ni kuligeuza upya faili moja. Kisa hicho ndicho kilichomsukuma mwenzake, Stuart Feldman, kuunda Make mwaka 1976, programu inayotambua faili lililobadilika na kuligeuza upya pamoja na yote yanayolitegemea. Ingali ikitumika hadi leo.

Huyo alipoteza asubuhi tu. Tarehe 1 Agosti 2012 Knight Capital, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikiuza na kununua hisa kwa kompyuta, ilianza kutumia programu mpya iliyopaswa kuwekwa katika seva 8. Fundi aliiweka katika 7. Hapakuwa na mtu wa pili wa kukagua, wala utaratibu ulioandikwa wa kudai awepo. Seva iliyosahaulika ikaamsha sehemu ya zamani iliyoachwa kutumika tangu 2003, na katika dakika 45 hivi kampuni ikapata hasara ya zaidi ya dola milioni 440. Kumlaumu fundi ni kutomtendea haki. Kurudia jambo lile lile mara nane bila kuteleza ni kazi ya mashine, na aliyemtwisha binadamu ndiye wa kuulizwa.

Hata hivyo, wanaotaka kila kitu kiachiwe mtambo wana la kujibu kuhusu SolarWinds. Wadukuzi, ambao hila yao iligunduliwa Desemba 2020, walijipenyeza ndani ya mtambo wa kuundia programu. Kazi ilipoanza walibadilisha faili moja, kisha wakarudisha lile la asili. Mtambo ukaunda, muhuri wa kampuni ukapigwa, na wateja wapatao 18,000 wakapelekewa sumu hiyo, zikiwamo idara za serikali ya Marekani. Kwa upande wake, mtambo ulitimiza amri zote.

Kwa hiyo kugeuza, kuunganisha, kupima na kunakili kuachiwe mashine, hata katika ofisi ndogo yenye mafundi wawili. Kuidhinisha toleo liwafikie watu, na kuukagua mtambo wenyewe, kubaki kwa binadamu. Mradi wa Debian umeonyesha njia kwa zaidi ya miaka 10: programu ile ile huundwa mara mbili katika mazingira tofauti, matokeo yakalinganishwa biti kwa biti. Yakitofautiana, mtu hutafuta sababu.