Mwaka wa Hataza si Mwaka wa Kuzaliwa

Katika kabati la kioo la makumbusho moja ndogo nchini Marekani, ambako nilifanya mafunzo kwa vitendo ya shahada yangu ya uzamili, kuna bastola inayotoshea kiganjani. Ni Smith & Wesson ya silinda ya kuzunguka, inayobeba risasi saba za kaliba .22. Kadi iliyo chini yake inasema ilitengenezwa mwaka 1855, na kwamba askari wa jeshi la Kaskazini aliibeba katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Kadi hiyo imekosea mara mbili. Wanaoisimamia wanajua, kwa sababu niliwaambia.

Nianze na 1855. Mwaka huo haukubuniwa, umesomwa juu ya chuma chenyewe, na ndiyo maana kosa hili linadumu. Kwenye bastola zimegongwa tarehe tatu: 3 Aprili 1855, 5 Julai 1859 na 18 Desemba 1860. Aliyeandika kadi alichukua ya kwanza akaziacha mbili zilizobaki. Hakujiuliza swali ambalo hata mtoto angeuliza: kitu kilichotengenezwa mwaka 1855 kiliwezaje kubeba tarehe ya mwaka 1860?

Hizo ni tarehe za hataza. Ile ya 3 Aprili 1855 ni ya Rollin White, aliyepewa haki ya ubunifu wa silinda iliyotobolewa kutoka upande mmoja hadi mwingine, ili risasi iingizwe kwa nyuma. Smith na Wesson waliunda kampuni yao mwaka 1856, wakapata ruhusa ya kutumia hataza ya White kwa kumlipa senti 25 kwa kila bastola, kisha wakasubiri hataza ya Colt ifikie mwisho wake. Bastola yao ya kwanza ilitoka mwishoni mwa mwaka 1857. Kwa hiyo kadi inatuambia kwamba kiwanda kilitengeneza bidhaa kabla ya kiwanda chenyewe kuwapo.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Bastola hii ndogo, inayoitwa Modeli Namba 1, ilitengenezwa kwa matoleo matatu. La kwanza lilidumu hadi 1860, la pili hadi 1868, na la tatu kuanzia 1868 hadi karibu na 1882. Kuyatofautisha hakuhitaji maabara. Matoleo mawili ya mwanzo yana mtutu wenye pembe, silinda laini, na mpini uliokatwa bapa chini. La tatu lina mtutu wa mviringo, silinda yenye mifereji, na mpini uliopinda ukaishia mviringo. Bastola iliyo kabatini ina mtutu wa mviringo, mifereji na mpini uliopinda. Vita vilikwisha mwaka 1865. Askari huyo hakuweza kubeba vitani kitu ambacho hakikuwa kimetengenezwa bado.

Nilipeleka maelezo hayo kwa msimamizi wangu, pamoja na picha. Alisikiliza kwa upole. Akasema familia iliyotoa bastola hiyo inaipenda hadithi yake, wageni wanaipenda pia, na kwamba mwaka kamili hauwezi kujulikana, kwa hiyo 1855 si mbaya kuliko mwingine wowote. Akaniuliza, "Ina madhara gani?"

Nimeishi na swali hilo tangu siku ile.

Kwanza, si kweli kwamba usipojua mwaka kamili basi miaka yote ni sawa. Bibi yangu ana kitambulisho kinachosema alizaliwa 1 Januari 1940. Tarehe hiyo iliandikwa na karani aliyekuwa na foleni ndefu na fomu yenye nafasi ya kujaza. Bibi mwenyewe anasema alizaliwa wakati baba yake mdogo yuko vitani Burma, na kwamba aliporudi alimkuta anatambaa. Askari wa Afrika Mashariki walipigana Burma mwaka 1944 na 1945. Karani ametupa siku, mwezi na mwaka, na vyote vitatu havina msingi. Bibi ametupa "baada ya hili, kabla ya lile", na tunaweza kulitegemea. Wazee wetu walihesabu umri hivyo, kwa njaa, kwa nzige, kwa vita. Tulipokwenda shule tukafundishwa kuona aibu, kana kwamba asiyejua tarehe hajui kitu.

Bastola ya zamani inataka hesabu ya bibi. Tarehe ya mwisho ya hataza inakuambia: si kabla ya hapa. Umbo linakuambia ni toleo gani. Namba ya mfululizo chini ya mpini inabana zaidi, mradi usiichanganye na namba ndogo za mafundi zilizogongwa ndani, na mradi ukumbuke kwamba toleo la tatu lilianza kuhesabiwa upya kutoka moja. Ukiandikia kumbukumbu za kampuni, unaweza kupata barua. Hata hiyo barua inataja siku bastola ilipotoka ghalani kwenda kwa mfanyabiashara, wala haitaji siku ilipotengenezwa, na bastola iliweza kukaa ghalani muda mrefu. Baada ya kazi yote hiyo, jibu la uaminifu linaweza kuwa "kati ya 1868 na 1882". Jibu hilo lina upana wa miaka kumi na minne, na ni la kweli.

Pili, mwaka huvutwa nyuma kwa sababu kuna faida. Sheria ya Marekani ya mwaka 1968 ya kudhibiti bunduki huiita silaha ya kale ile iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla, na silaha hiyo haifungwi na masharti mengi yanayozifunga nyingine. Muuzaji ana kila sababu ya kusoma tarehe ya hataza kama tarehe ya kuzaliwa. Sheria hiyo haigusi bastola yetu, maana ni ya kale kwa hesabu yoyote. Lakini makumbusho yakimfundisha mgeni kusoma chuma vibaya, mgeni atakwenda na usomaji huo mnadani.

Tatu, na hili ndilo linaloniuma, hadithi ya uongo huwa inakalia kiti cha mtu. Tukikubali kwamba bastola hii ni ya baada ya 1868, linazuka swali ambalo kadi imelifunika: nani alinunua bastola ya mfukoni wakati wa amani, na alimwogopa nani? Hiyo ndiyo miaka ambayo watu weusi waliotoka utumwani walikuwa wakijaribu kupiga kura Kusini, na wakiuawa kwa kujaribu. Mwaka 1879 jimbo la Tennessee lilipiga marufuku kuuza bastola ndogo za mfukoni, likaruhusu zile kubwa za jeshi tu. Hizo kubwa zilikuwa ghali, na maveterani wengi wazungu walikuwa nazo tayari. Bastola hii ndogo ni ya dunia hiyo. Kuivalisha sare ya askari wa Kaskazini ni kumwambia mgeni kwamba silaha zilinyamaza mwaka 1865, na wema wakashinda. Sijui kama familia ile ilitaka kusema hivyo. Kadi inasema hivyo.

Najua hoja ya kwamba mimi ni mwanafunzi, mgeni, na nimebishana na wenyeji juu ya kitu chao. Kinyume chake, nadhani anayekipenda kitu ndiye anayepaswa kutaka kujua umri wake. Familia haitapoteza bastola. Itapoteza askari mmoja, na labda itampata babu aliyekuwa na duka, au mwanamke aliyeishi peke yake, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumtafuta.

Kadi bado ipo. Kabla sijaondoka niliacha ukurasa mmoja kwenye faili la bastola hiyo, wenye picha za mtutu, silinda na mpini, na mstari huu: "Toleo la tatu, kati ya 1868 na takriban 1882. Tarehe zilizogongwa ni za hataza." Nikaweka jina langu na tarehe niliyoandika, ili atakayefungua faili ajue angalau mwaka wa ukurasa huo.