Mgeni Si Mshitakiwa

Jioni moja nilikuwa Munanila, katika nyumba ya kulala wageni, nikingoja zamu yangu mbele ya meza ya mhudumu. Mbele yangu alisimama mzee aliyetoka upande wa Kibondo kumtazama binti yake mgonjwa. Fedha ya chumba alikuwa nayo. Kitambulisho hakuwa nacho. Mhudumu, ambaye mwenyewe hakuwa mwenyeji wa Buha, aliyasikiliza matamshi yake, akavitazama viatu vyake vyenye tope, akasema kuwa vyumba vimejaa. Mara mimi, mwenye koti na tai, nikapewa ufunguo bila ya kuulizwa jina. Nilipotaka kujua sababu, nilijibiwa kwa neno moja: usalama. Chumba changu kilikuwa na vitanda viwili. Baada ya mabishano makubwa, mzee alipata kimoja.

Siudharau usalama. Mwenye nyumba ana wajibu wa kumjua anayelala kwake. Nani asiyekumbuka hoteli ya Paradise, Kikambala, iliyolipuliwa tarehe 28 Novemba 2002, wakafa hata wacheza ngoma waliokuwa wakiwalaki wageni? Nani asiyekumbuka DusitD2 ya Nairobi, ambako watu 21 waliuawa mwezi wa Januari 2019? Lakini waliotenda maovu hayo hawakuja kwa unyonge kuomba kitanda. Walikuja kwa gari, na silaha zao. Tope la viatu halikuwa dalili yao, wala lafudhi haikuwa silaha yao.

Husemwa kuwa mpakani hadhari lazima izidi. Na izidi, lakini iwe na akili. Kiha na Kirundi ni lugha ndugu. Wasemaji wake huelewana bila ya mkalimani. Walikuwa chini ya utawala mmoja wa Wajerumani mpaka Vita Kuu ya Kwanza, ambayo ilipokwisha, Urundi ikapewa Wabelgiji na Tanganyika Waingereza. Tangu mwaka 2015 maelfu waliokimbia machafuko ya Burundi wamepokewa katika makambi ya Kasulu na Kibondo. Basi anayeupima uraia kwa sikio atakosea kila siku. Na anayedhani kuwa kila asiye raia ni mwovu amekosea mara mbili.

Sasa tuitazame nyumba yenyewe iliyomwogopa mzee. Usiku lango lilifungwa kwa kufuli, na ufunguo ukaenda mfukoni mwa mlinzi, ambaye hakuna aliyejua alikolala. Madirisha yalikuwa na nondo zisizofunguka. Kwa sababu ya baridi ya milimani, niliona jiko la mkaa likiingizwa katika chumba kilichofungwa, ingawa hewa ya mkaa huua kimya, haina rangi wala harufu. Moto ungalizuka, tungaliteketea sote, wenye vitambulisho na wasio navyo. Ulinzi ule ulilinda mali ya mwenye nyumba dhidi ya mgeni. Haukumlinda mgeni dhidi ya lolote.

Huo ndio ugomvi wangu. Watu hudhani kuwa ukarimu na usalama ni watani, kwamba ukiongeza huu utapunguza ule. Si kweli. Kumlinda mgeni ni ukarimu wenyewe. Kila ajaye na aulizwe maswali yale yale, mwenye tai na mwenye tope, kwa salamu kwanza na sababu baadaye. Asiye na kitambulisho na ataje mwenyeji wake, apigiwe simu, aandikwe kitabuni. Jiko na libaki nje. Blanketi la pili liingie ndani. Ufunguo wa lango na uwe mahali unapofikiwa gizani.

Wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema: mgeni njoo, mwenyeji akushitaki. Nyumba isiyoweza kumlaza mzee aendaye kumtazama mwanawe, na ifute neno wageni juu ya mlango wake.