Kabla ya Rim Mpya, Nunua Ndoo Mbili

Wasee, wacha niseme kitu ambacho najua kitaniletea maneno. Kama una Golf GTI, Swift Sport ama hachibeki yoyote ile kali na hujawahi kuiosha kwa mikono yako, hiyo gari huijui. Unajua sauti yake. Unajua vile inakubana kwa siti ukikanyaga mafuta pale Southern Bypass. Lakini yenyewe, hapana, bado ni mgeni kwako.

Angalia vile tunafanya huku Nairobi. Mtu ananunua GTI ya mkono wa tatu, haina hata karatasi moja ya sevisi, kwa sababu bei imeshuka mpaka ikakaribia ile ya kigari cha kwenda soko. Wiki ya kwanza anabadilisha ekzosi ndio mtaa mzima ujue amefika. Wiki ya pili ni rim. Wiki ya tatu ni picha, gari imeegeshwa usiku chini ya taa ya kituo cha mafuta. Ukimuuliza oili ilibadilishwa lini anakwambia, "Yule aliniuzia alisema juzi." Ukimuuliza tairi zilitengenezwa mwaka gani anakuangalia kama umemuuliza jina la nyanya ya Volkswagen.

Na hii gari haikutengenezwa iwe pambo. GTI ya kwanza ilionyeshwa Frankfurt mwaka wa 1975, ikaanza kuuzwa 1976. Injini ya lita 1.6, nguvu za farasi 110, mwili mwepesi, mlango mkubwa wa nyuma wa kubeba vitu vya nyumbani. Ilikuwa gari ya mtu wa kawaida ambaye anataka raha na bado ana shopping ya kubeba. Ile siti yake ya miraba inayofanana na shuka ya Kimaasai, na ile nobu ya gia kama mpira wa gofu, zote zilitoka kwa mama mmoja aliyekuwa akifanya kazi pale, Gunhild Liljequist. Mimi hupenda sana hiyo stori. Kila mtu anaongea juu ya injini, na kumbe kitu unashika kila siku kilifikiriwa na mtu wa vitambaa na rangi.

Yangu ni ya kizazi cha tano. Lita 2.0, turbo, farasi 200, inavuta kwa magurudumu ya mbele. Niliinunua na pesa za video baada ya kuacha chuo mwaka wa pili, na ndio, shangazi zangu bado wanapiga hesabu ya semista ngapi ziko kwa hiyo bodi. Wacha wapige.

Sasa kuosha. Pale mahali pa kuoshea magari karibu na sisi wanachukua shilingi 400, na siku moja waliirudisha ikiwa safi kabisa, mpaka jua likaipiga. Boneti nzima imejaa mikwaruzo midogo ya kuzunguka, kama utando wa buibui. Hiyo haitokei kwa uchawi. Kitambaa kilichopita kwa boneti yangu kilikuwa kimetoka kwa matatu, na kabla ya matatu kilikuwa kwa lori ya mchanga. Ukiishi Ruaka au Kiambu una udongo mwekundu, ukiishi Syokimau au Kitengela una ule mweusi unaoshika kama gamu. Yote mawili yana chembe ngumu. Ukizisugua kwa rangi na kitambaa kimoja na ndoo moja, unapiga msasa gari yako na unalipa mtu akusaidie.

Halafu kuna sabuni ya unga, ile ya nguo, inayotoa mafuta yote pamoja na waksi yako. Kuna dizeli inayopakwa tairi na chini ya gari ndio zing'ae, na dizeli na mpira si marafiki. Na kuna ile mbaya kuliko zote: mashine ya presha ndani ya injini. Kwa hii injini, koili za plagi zimekaa hapo juu, soketi za waya ziko kila mahali. Maji yakiingia, gari inaanza kukohoa ukiwa umefika tu kwa geti, na fundi anakuuzia koili nne.

Najua mtasema nawanyima vijana kazi. Hii hoja naiheshimu, kwa sababu nimekaa na hao vijana na wengine ni marafiki zangu. Lakini tuseme ukweli kuhusu vile wanalipwa. Wengi wanalipwa kwa kila gari, na mwenye eneo anakata yake kwanza. Ukilipwa hivyo, haraka ndiyo mshahara wako. Hakuna mtu mwenye njaa atabadilisha maji ya ndoo kwa ajili ya rangi ya GTI yako, na mimi pia nisingebadilisha. Nilichofanya ni kumwambia mmoja wao awe anakuja kwangu Jumamosi moja kila mwezi. Ndoo zangu, vitambaa vyangu, hakuna haraka, namlipa mara tatu ya ile bei. Sasa anajua hii gari kuliko fundi wangu. Juzi yeye ndiye aliona buti ya ekseli imeanza kupasuka.

Na vitu vyenyewe si vingi. Msidanganywe na zile video za Uingereza mtu ako na gereji ya joto, bunduki ya povu na kabati ya chupa 40. Unahitaji ndoo mbili, shampuu ya gari, glavu ya maikrofaiba, vitambaa vizuri vya kukausha, na kivuli. Ndoo moja ni ya sabuni, nyingine ni ya maji matupu. Unaosha kipande, unasuuza glavu kwa maji matupu, chembe zinabaki huko chini, ndio unarudi kwa sabuni. Anza juu kwa paa ushuke, kwa sababu uchafu mkali uko chini milangoni. Rim zina glavu yao na ndoo yao, usichanganye kabisa, lile vumbi jeusi la breki lina vipande vya chuma. Usioshe boneti ikiwa moto au jua likiwa utosini, sabuni itakauka ikuachie madoa.

Maji ndiyo shida ya kweli, si sabuni. Wengi wetu tunaishi kwa ploti ambapo bomba linafunguliwa siku mbili kwa wiki, na caretaker akikuona na mpira wa maji anakutoa mbio, na ana haki. Mtungi wa lita 20 wa kulowesha na kusuuza, na nusu mtungi kwa kila ndoo, inatosha hachibeki. Lita 40. Kama vumbi ni kidogo tu, kuna shampuu za kuosha bila kusuuza zinazotumia ndoo moja. Mpira wa maji unaoachwa ukimwagika dakika 20 ni aibu katika mji ambao watu wanaamka saa tisa usiku kukinga maji.

Kinyesi cha ndege usingoje Jumamosi. Wale makorongo wakubwa wa pale Nyayo Stadium wakikupata, gari inahitaji huruma siku hiyo hiyo. Lowesha na kitambaa chenye maji dakika chache, kiinue, usisugue. Ikikaa kwa jua inakula rangi mpaka chini.

Lakini sababu yangu kubwa ya kusema uoshe mwenyewe ni hii: mkono wako ukipita kila mahali, unakagua. Fungua boneti uangalie pale chini ya waipa. Hapo majani hujikusanya, na kwa Nairobi mwezi wa Oktoba ni maua ya jakaranda. Yakiziba mashimo ya maji, mvua inaingia ndani na unaanza kulaumu madirisha. Kama una sanrufu ni hivyo hivyo, ina vijitundu kwa pembe vinavyopeleka maji chini, na vikiziba kapeti yako inakuwa bwawa. Toa majani kwa mkono, kazi ya dakika tano. Nimeona mtu akilipa kuoshewa kapeti mara tatu kwa harufu ya uvundo, na shida ilikuwa majani.

Ndani sina mengi. Toa takataka, vuta vumbi, dashibodi ipanguswe na kitambaa chenye unyevu kidogo. Zile dawa za kufanya dashibodi ing'ae kama kiatu cha polisi, mimi sizipendi, zinaakisi jua kwa kioo cha mbele na zinashika vumbi. Siti za miraba, brashi laini na povu kidogo, usiloweshe.

Injini ndiyo pesa yako iko. Chomoa dipstiki kila ukijaza mafuta, usingoje taa. Hizi injini za turbo hunywa oili, na taa nyekundu ya oili si ukumbusho, ni msiba umeshaanza. Tumia oili yenye kiwango ambacho kitabu cha gari kimetaja, kwa yangu ni VW 502 00, si ile jamaa wa duka anakwambia "hii ni sawa tu." Kwa wale wa kizazi cha tano kama mimi, kuna kikombe kidogo cha chuma kati ya kemu na pampu ya mafuta ya presha kubwa. Kikitoboka, pampu inakwisha na kemu inafuata. Pampu imeshikwa na bolti tatu tu. Kwangu hicho kikombe kinaangaliwa kila mara ya pili ya kubadilisha oili, na fundi akiniambia hakijulikani, natafuta fundi mwingine. Mkanda wa taiming nao hauna huruma: ukikatika, valvu zinakutana na pistoni. Kama huna karatasi ya kuonyesha ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haujabadilishwa. Na kama yako ni DSG ya gia sita, oili ya giaboksi na filta yake ni kila kilomita 60,000. Hawa watu wanaosema oili ya giaboksi ni ya maisha, niulize, maisha ya nani?

Sasa tairi, na hapa sicheki.

Kwa ubavu wa tairi, tafuta maandishi ya DOT. Namba nne za mwisho ni wiki na mwaka. 3519 maana yake wiki ya 35 ya mwaka wa 2019. Tairi ya mtumba inaweza kuwa na meno marefu kabisa na mpira umeshazeeka, umekauka, una nyufa ndogo. Imepakwa rangi nyeusi, inakaa mpya. Kwa barabara kavu ukienda kazini hutajua. Utajua Thika Road, mvua, saa tano usiku, mko wanne ndani, mmoja anarekodi. GTI kama yangu ilitoka kiwandani na diski za mbele za milimita 312, na hazina maana yoyote kama kitu kinachogusa lami ni kipande cha plastiki cha miaka 10. Breki husimamisha gurudumu. Kinachosimamisha gari ni tairi.

Kwa hivyo nikiona mtu na rim za inchi 18 mpya na tairi za mtumba za miaka tofauti tofauti, mimi sioni swagi. Naona watu wanne. Chukua rim za zamani za inchi 17, weka tairi nne mpya za 225/45, ubaki na chenji ya mafuta ya breki, ambayo yanafaa kubadilishwa kila miaka miwili na karibu hakuna mtu naijua amewahi kuyabadilisha kabla pedo iwe laini.

Ukitoa gurudumu nyumbani ndio uoshe rim kwa ndani, usiingize hata mkono chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake. Jeki ni ya kuinua. Ya kushika ni stendi, na mawe ya ujenzi si stendi, yanapasuka bila kukupigia simu. Hakuna stendi, basi rim ioshwe ikiwa mahali pake, haitalia. Ukirudisha gurudumu, bolti zikazwe kwa zamu ya msalaba na spana ya kupima, kwa Golf ni Nm 120. Spana yenyewe mnaweza kununua watu watano mkagawana, sisi kwetu tuko sita na inakaa kwa nyumba ya yule ambaye hapotezi vitu.

Wiki ijayo nitaweka video ya kile kikombe cha pampu, kikitolewa na kurudishwa, mwanzo hadi mwisho. Wakati mnangoja, shukeni pale parking na tochi ya simu msome zile namba nne. Zote nne, na ya speya pia. Kama yako inaishia na 13 au 14, weekendi hii nenda na matatu.