Staa wa Geimu Analia na Mtandao, Kumbe Tatizo Liko Sebuleni Kwake!

Kuna staa wa geimu hapa Dar, kila akipigwa laivu analaumu kampuni ya intaneti. Safari hii timu imetolewa, hela ya zawadi imeyeyuka, wenzake wamemchunia. Sawa, seva za Ulaya ziko mbali, pingi haiwezi kuwa 20. Ila kuganda na kurukaruka vile ni pakiti zinapotea njiani, na hizo Mbps anazoposti kwa mbwembwe hazionyeshi hilo.

Apime pingi ya ruta yake kwanza. Zikipotea hapo hapo, kampuni inaonewa. Zisipopotea, basi awawashie moto!

Video zake mwenyewe zinamuumbua: anacheza chumbani kwa waifai, ruta iko sebuleni nyuma ya tivii, wadogo zake wanashusha muvi. Waya wa LAN haufikii hata bei ya hedifoni zake. Avute waya, awaombe radhi wenzake. Au mnasemaje wadau?