SIKUKUU NA WENZETU WENYE HUZUNI



Desemba imefika. Mabasi yanashusha watoto wetu kutoka Dar es Salaam na Arusha, ulezi umesagwa, ndizi za mbege zinaiva. Kurudi nyumbani kwa Krismasi ni desturi yetu sisi watu wa Kilimanjaro, na ni desturi njema. Lakini jamani, tusijifanye hatuoni. Wapo wenzetu ambao siku hizi kwao ni nzito.

Waliofiwa, kwa mfano. Sisi tunazika kihambani. Mama akienda kukata majani ya ng'ombe anapita kaburi la mumewe kila siku. Ikifika Krismasi anaambiwa, "Nyamaza bwana, leo sikukuu!" Maneno hayo mimi siyakubali. Aliyezoea kupakua sahani sita, leo anapakua tano, atasahauje? Mwacheni alie, amtaje marehemu wake. Nendeni mkae naye, mmsaidie kumenya ndizi, tena asubuhi, siyo jioni watu wameshalewa.

Halafu yuko kijana aliyekosa nauli, au aliyekuja mikono mitupu. Swali letu la kwanza ni, "Umetuletea nini?" Ndiyo maana wengine wanakaa huko mjini miaka, wanaona haya. Apelekewe salamu kwamba tunamtaka yeye, siyo mchele na khanga. Na mzazi naye asikope ili achinje (nyama ya deni hata haishuki vizuri). Ada katika shule za serikali, msingi mpaka kidato cha nne, ilifutwa tangu Januari 2016, lakini sare na madaftari bado tunanunua wenyewe.

Sisi wanaume ndiyo wagumu zaidi. Hatutoi machozi, tunakunywa. Pombe inailaza huzuni usiku tu. Asubuhi iko pale pale, na pengine mke na watoto wameshapigwa. Afadhali kumwambia ndugu yako, "Mwaka huu nimeshindwa."

Mtu akisema amechoka kuishi, msiseme ni pombe inaongea. Asiachwe peke yake usiku huo. Dawa za kupulizia kahawa zifungiwe mbali naye, na kukicha asindikizwe zahanati.

Mabalozi wa mashina wapite kwa waliofiwa mwaka huu kabla ya tarehe 24. Asiye na wa kula naye, tukubaliane kabisa nyumba itakayomkaribisha.

Katibu wa Tawi