Ujumbe Hauna Miguu



Siku hizi lasikika katika parokia zetu neno linalopendeza masikio: kwamba misioni imehamia ndani ya simu. Ati kutembea nyumba kwa nyumba ilikuwa kazi ya wazee; sisi twatuma somo la siku alfajiri, watu mia mbili walipata kabla ya jua kuchomoza, na kazi ya mtume imekwisha. Neno hilo nalikataa, nami ni mmoja wa waliolishika.

Kwa miezi mingi nilituma masomo ya Misa kila asubuhi kwa vijana wa shirika letu, hapa Kasungami. Mwenzetu mmoja alijibu "Amina" kila siku. Siku moja akanyamaza. Mimi nikaendelea kutuma. Baada ya majuma matatu nikasikia kwa watu kwamba mama yake alikuwa mgonjwa kitandani muda huo wote, na kijana huyo ndiye aliyechota maji, akapika, akamwosha. Kwao si mbali: ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Alipata kwangu masomo ishirini na moja, wala hakupata hata ndoo moja ya maji.

Msidhani nailaani intaneti. Mtume Paulo alitumia barua, chombo cha wakati wake, nazo zilifika asikoweza kufika mwenyewe. Lakini someni mwisho wa barua ya pili ya Yohane: ana mengi ya kuwaambia, ila aiweka kalamu chini, kwa kuwa anataka kuja kuonana nao. Kwake barua ilitangulia, mtu akafuata. Sisi tumeituma barua itangulie, kisha tumebaki nyumbani.

Wapo watakaonijibu kwa jina la Carlo Acutis, kijana wa Italia aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15, na ambaye Papa Leo XIV alimtangaza mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Je, si yeye aliyeonyesha miujiza ya Ekaristi katika intaneti? Ndiye. Lakini huyo huyo alikwenda Misa kila siku, na maskini waliolala barabarani kule Milano walimjua kwa uso, kwa maana aliwapelekea chakula.

Mfano wa karibu zaidi tunao Katanga. Padri Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji, alichapisha mwaka 1945, hapa hapa Lubumbashi, wakati ule Élisabethville, kitabu juu ya falsafa ya Wabantu, kikasomwa hadi Ulaya. Lakini si kitabu kilichozaa Jamaa. Jamaa ilizaliwa miaka ya 1950 kule Ruwe, karibu na Kolwezi, padri huyo alipoketi na wafanyakazi wa migodi na wake zao, akasikiliza kabla ya kufundisha. Kutoka hapo ikaenea kambi kwa kambi, kwa mafundisho ya mdomo. Mabishano yaliyofuata baadaye hayalifuti somo hilo.

Mwingine atasema: vijana wako kwenye simu, na tusipowafuata huko, wengine watawafuata. Ni kweli. Wauza miujiza wamekwisha kufika, pamoja na wanaosambaza uongo chini ya picha ya Bikira Maria. Basi na tuingie huko, tuseme kweli, tupime kila habari kabla ya kuisambaza. Lakini tuliyemkuta huko, tumtafute kwake. Na yule asiye na simu, au aliyekosa pesa ya mega, je, Habari Njema impite?

Naomba jambo moja. Jumapili hii, kabla ya kutuma chochote, someni majina yaliyo katika kundi lenu. Tafuteni lile lililonyamaza. Kisha fungeni simu, mwende.

Nami nilikwenda kwa mwenzangu yule, ingawa nilichelewa. Hakunilaumu. Alinipa ndoo, akanionyesha njia ya kisimani. Nahesabu kwamba misioni yangu ilianza siku hiyo.

Tumsifu Yezu Kristu.