Tusisafiri Desemba kwa matairi ya theluji

Wiki chache zijazo barabara ya Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha itafurika magari madogo yaliyobeba familia nzima: baba kwenye usukani, mama pembeni yake, watoto na bibi nyuma, buti limeshindiliwa mchele, mafuta ya kula na mabegi hadi mlango unafungwa kwa kusukumwa. Ndiyo desturi yetu ya mwisho wa mwaka na hatuna nia ya kumzuia mtu asiende kwao. Tatizo letu ni kile kinachogusa lami chini ya magari hayo. Wenye magari wengi hubadilisha oili, hukagua breki, hulipia bima, kisha matairi huachwa mwisho, fedha ikiwa imekwisha. Hapo ndipo mtu anapokwenda kwa muuza matairi ya mtumba na kuomba atafutiwe manne yaliyo safi.

Kwa macho ya mnunuzi, tairi safi ni lile linalong'aa na lenye kashata nene. Kung'aa ni kazi ya brashi na rangi nyeusi, haichukui hata dakika tano. Kashata nazo huchongwa. Fundi hupasha kisu moto, akafuata mifereji iliyokwisha na kuichimba upya ndani ya mpira mwembamba uliobaki, na kufika jioni tairi kipara lina kashata za kupendeza. Alichokipunguza ni ule unene mdogo uliokuwa ukifunika nyaya za chuma. Maji yakipenya, nyaya hushika kutu na tabaka za tairi huanza kuachana. Kulitambua tairi la namna hiyo si kazi ngumu. Ndani ya mifereji mikuu, kiwandani huwekwa vijinundu vya kuonyesha kwamba mpira umebaki milimita 1.6, kiwango ambacho Ulaya na Japani gari likishuka chini yake haliruhusiwi kutembea. Kisu cha fundi kwa kawaida huvikata vijinundu hivyo pamoja na mpira.

Kuchonga, hata hivyo, ni ulaghai ambao mtu makini ataukamata. Umri wa tairi unampita hata huyo makini. Ubavuni kuna herufi DOT zikifuatiwa na msururu wa herufi na namba, na mwisho wake tarakimu nne: 2319 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukikuta tarakimu tatu tu, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000, na linafaa kuwa bembea ya watoto. Mara nyingi tarakimu hizo huwa upande mmoja tu, na likishafungwa zinaweza kuwa zimegeukia ndani, huzioni mpaka uingie uvunguni. Kwa hiyo tairi likaguliwe pande zote mbili likiwa bado chini, kabla fundi hajashika jeki.

Mpira huzeeka hata usipotumika. Hewa, jua na joto huukausha, ukawa mgumu, ukaanza kupasuka nyufa ndogo ubavuni na katikati ya kashata. Watengenezaji wakubwa hushauri tairi lililotumika miaka mitano likaguliwe na mtaalamu kila mwaka, na likifikisha miaka 10 tangu litengenezwe litupwe hata kama kashata zake ni kamili. Ushauri huo unaligusa pia tairi la akiba, lile ambalo wengi wetu hatujalitazama tangu siku tuliponunua gari. Sasa fikiria tairi la mtumba: mwenyewe wa kwanza kalitoa kwa sababu zake, likakaa kwenye lundo, likapanda kontena, likaja kupangwa juani mbele ya duka kwa miezi. Unanunua mabaki ya umri ambao hujaambiwa.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi kabisa. Sehemu ya matairi yanayotoka Japani, yawe ya mtumba au yaliyokuja na gari lenyewe, ni ya msimu wa baridi. Tafuta ubavuni neno STUDLESS, au alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Kashata zake zimejaa mikato myembamba kama nywele. Mpira wake umetengenezwa laini ili ushike barabara penye barafu. Kwenye lami ya Korogwe saa nane mchana mpira huo hulainika kupita kiasi, huisha upesi, gari huyumba kwenye kona na huhitaji umbali mrefu zaidi kusimama. Muuzaji atakusifia kashata zake, na kweli ni nzuri, ila zilikusudiwa Hokkaido.

Uzito nao haujadiliwi. Baada ya saizi, tuseme 195/65R15, hufuata namba kama 91. Hiyo ina maana tairi moja linamudu kilo 615 likiwa na upepo unaotakiwa. 88 ni kilo 560. Chukua gari la siti nane lenye uzito wa kilo 1,600 likiwa tupu. Pakia watu wanane, kisha mizigo ya sikukuu, na utafika kilo 2,200 bila shida. Matairi manne ya 88 yanabeba kilo 2,240 kwa jumla, na uzito haugawanyiki sawa. Nyuma ndiko kunakoelemewa. Aliyefungiwa 88 badala ya 91 kwa sababu saizi ni ileile ameshaula wote ule uwezo wa ziada.

Upepo mdogo hukamilisha kazi. Tairi lenye upepo pungufu hujikunja kila linapozunguka na kuzalisha joto, na joto ndilo linaloachanisha tabaka. Marekani walijifunza hilo kwa gharama kubwa: Agosti 2000 kampuni ya Firestone iliyaita matairi milioni 6.5, mengi yakiwa kwenye Ford Explorer, baada ya tabaka kubanduka gari likiwa kwenye mwendo. Vifo vilivyohusishwa na kasoro hiyo vilizidi 200. Hayo yalikuwa matairi yaliyonunuliwa mapya. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva; magari ya Japani hutumia kPa, na 220 ni sawa na 32 kwenye kipimo cha fundi wetu. Usikubali kujaziwa 40 eti barabara ni mbovu.

Mwenye fedha kidogo afanye nini? Ushauri wetu ni huu: nunua mapya mawili ya bei ya chini, yenye namba za uzito zinazolingana na gari lako, kuliko manne ya mtumba yenye jina kubwa. Na hayo mawili yafungwe nyuma, ili mradi ya mbele bado yana kashata za kutosha. Tunajua mafundi wengi watabisha kwamba mapya ni ya mbele kwenye usukani. Mbele ikiteleza kwenye maji, dereva atahisi na atapunguza mwendo. Nyuma ikiteleza, gari huzunguka, na dereva wa kawaida hana ujuzi wa kulirudisha.

Serikali haiwezi kumwachia mnunuzi mzigo huu wote. Shirika la Viwango liingie madukani, si bandarini tu, na tairi lililochongwa au lililopita miaka 10 liondolewe sokoni mbele ya mwenye duka. Askari wa usalama barabarani, wakati wa ukaguzi wa mwisho wa mwaka, wasiishie kutazama kashata. Wasome tarakimu nne, pamoja na za tairi la akiba. Na muuzaji yeyote wa matairi, mapya kwa mtumba, alazimishwe kuandika wiki na mwaka wa kutengenezwa kwenye risiti. Atakayekataa kuziandika, mteja abaki na fedha yake.